Utepe wa Njano Kwenye Barua ya Kitinda

Kitu cha kwanza alichofanya Taratibu alipoingia sebuleni kwa Mama Kitinda hakikuwa kuwasha kompyuta. Alipiga magoti nyuma ya meza, akafuata waya wa intaneti kwa vidole mpaka mwisho wake, akauchomoa.

"Unakata hata kabla hujaangalia?" mama aliuliza.

"Nyumba ikiwa na mgonjwa wa kuambukiza, mama, unafunga mlango kwanza. Kumpima kunafuata."

Aliandika kwenye daftari: Jumatatu, saa tatu na dakika kumi asubuhi, waya umechomolewa. Ndivyo alivyokuwa. Wenzake wa kitengo cha makosa ya mtandao walimpa jina la Taratibu kwa sababu hata chungwa hawezi kulimenya bila kuandika saa aliyoanza. Walimcheka, lakini kesi ikigoma walimpa yeye.

Na hii ilikuwa imegoma. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na barua ya malalamiko kutoka kituo cha afya kilichoko mitaa miwili tu kutoka pale. Kituo kilisema kwamba karibu kila siku, kwa miezi mingi, kinapokea baruapepe zenye virusi kutoka anwani ya mwanamke huyu. Zote zilikuwa zikitupwa pembeni bila kusomwa. Wiki iliyopita mfanyakazi mmoja akafungua moja kwa bahati mbaya, na orodha ya wagonjwa ya wiki nzima ikageuka vipande vya herufi zisizosomeka. Wagonjwa walipanga foleni, hakuna aliyejua nani anatakiwa kuonwa na nani.

Mkuu wake alikuwa amemwambia hivi: "Mlete aliyefanya. Ukishindwa mpaka jioni, chukua mashine kama kielelezo, na mwenye mashine aje aeleze mwenyewe."

Alimweleza Mama Kitinda maneno hayo bila kuyapaka sukari. Mama alikuwa mshonaji mstaafu, mwembamba, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni ingawa cherehani iliyokuwa kwenye kona ilifunikwa shuka. Hakulia wala hakubisha. Aliuliza jambo moja tu.

"Mkiichukua, mtairudisha lini?"

"Kesi ikiisha."

"Inachukua muda gani?"

"Mwaka. Pengine miwili."

Mama alishika futi yake kwa mikono miwili. "Humo ndani mna barua ya mwanangu. Ndiyo barua ya mwisho aliyoniandikia. Miezi saba sasa. Chukua meza, chukua kiti, lakini barua ile niachie."

Taratibu aliandika na hilo pia.

Alitoa diski yake safi kwenye mfuko wa plastiki, akawasha kompyuta kwa kutumia diski hiyo badala ya kuiacha iamke yenyewe. Hapa sikiliza vizuri, maana si wote wanajua. Mashine yenye virusi ukiiuliza "una virusi?" inaweza kukudanganya, kwa sababu anayejibu ni yule yule mgonjwa. Kwa hiyo unamleta mganga kutoka nje. Kabla ya lolote alinakili kila kilichokuwemo kwenye diski nyingine ya akiba, isije ikaharibika katikati. Kisha akaamuru ukaguzi uanze, faili moja baada ya jingine.

Skrini ilionyesha mstari mwembamba wa kijani uliosogea kwa kujivuta.

"Itachukua saa nne," alisema.

"Basi nitachemsha chai. Nina vikombe viwili," mama alisema, halafu akaongeza kama anayeomba radhi, "kimoja hakijatumika siku nyingi, ngoja nikioshe."

Alipokuwa jikoni Taratibu alizunguka chumba kwa macho bila kugusa kitu. Meza ilikuwa chini ya dirisha. Kiti cha mbao, juu yake mto mdogo uliobonyea katikati. Mausi ilikuwa upande wa kushoto wa kibodi, na kipande cha kitambaa kilichowekwa chini yake kilichakaa pale pale, mpaka nyuzi zikaonekana. Upande wa kulia meza iling'aa. Ukutani palikuwa na saa, na picha ya kijana aliyecheka akiwa amefumba jicho moja kwa jua.

"Ndiye Kitinda?" aliuliza chai ilipofika.

"Ndiye. Wa mwisho na wa pekee, wenzake wawili walitangulia mbele ya haki wakiwa wadogo. Yuko mbali, ana kazi ya hoteli, mapokezi. Kompyuta hii alininunulia yeye. Akaiwekea kila kitu kwa Kiswahili ili mama yake asihangaike. Nimeishia darasa la saba, baba, lakini kusoma nasoma."

"Nani mwingine anaigusa?"

"Mwalimu, jirani yangu. Lakini Mwalimu hawezi kumdhuru mtu."

"Sikusema amedhuru. Nimeuliza anayegusa."

Mwalimu aliitwa kwa kugonga ukuta mara tatu. Alikuja na kandambili na miwani iliyofungwa uzi, mzee mrefu aliyestaafu kufundisha miaka kumi iliyopita.

"Shikamoo, mzee," Taratibu alisema.

"Marahaba. Umekuja kumkamata jirani yangu? Basi uniandike na mimi, maana chai yake nimekunywa."

"Una ufunguo wa nyumba hii?"

"Ninao. Na wa kwangu anao yeye. Ukifika umri wetu unampa mtu ufunguo ili siku akikukuta umelala moja kwa moja asilazimike kuvunja mlango. Milango ni ghali."

"Kompyuta unaitumia lini?"

"Alhamisi, saa kumi alasiri. Naandika barua kwa halmashauri kuhusu mtaro wa mtaa huu, nachapisha, naipeleka kwa miguu yangu."

"Umeandika ngapi?"

"Arobaini na moja. Mtaro bado, lakini mwandiko wangu umenyooka."

Mama Kitinda alicheka kidogo, kisha akaziba mdomo kama aliyecheka msibani.

"Unazihifadhi wapi?"

Mwalimu akatoa flashi mfukoni, imefungwa kwenye karatasi ya pipi. Taratibu aliipokea kwa kitambaa, akaichomeka kwenye kompyuta yake ndogo ya mkononi, ile ambayo haijaunganishwa na kitu chochote duniani. Dakika mbili hazikupita, skrini ikaonyesha doa jekundu.

Mwalimu aliinama kutazama. "Hilo ni nini?"

"Virusi, Mwalimu."

Mama alikaa polepole kwenye kochi. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba doa lingeondoka.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. Sauti yake ilipungua. "Miaka yote nakuja kunywa chai, kumbe namletea maradhi."

Mpelelezi mwingine angefunga daftari hapo hapo. Flashi ina virusi, mzee ana ufunguo, saa inajulikana, kazi imekwisha. Taratibu alisoma maelezo ya lile doa mpaka mstari wa mwisho.

"Hii iliingia miaka mitatu iliyopita," alisema. "Uliwahi kuchapisha mahali pengine?"

"Duka la steshenari, kona ile. Kabla sijaanza kuja hapa."

"Uliitoa huko. Kazi yake ni kuficha folda na kuweka nyingine za bandia. Haijui kutuma barua. Huyu ni mwizi wa kuku, Mwalimu. Mimi natafuta aliyevunja ghala."

Aliisafisha ile flashi, akamrudishia, akamwambia asiichomeke kokote kabla ya kuikagua, hata kwa mtu anayemwamini. Hasa kwa mtu anayemwamini, maana kwa adui huchomeki.

"Swali la mwisho. Baruapepe yako ni ipi?"

"Sina. Mimi ukinitaka unagonga ukuta."

Taratibu aliandika jibu hilo, akalipigia mstari.

Saa saba na nusu mstari wa kijani ulifika mwisho. Ukaguzi ulikuwa umetoa majibu, na majibu yenyewe yalikuwa ya ajabu kwa uchache wake. Mashine nzima, yenye maelfu ya mafaili, ilikuwa na faili moja tu lenye virusi. Moja. Lilikuwa la maandishi, na jina lake lilikuwa "Kwa Mama".

Hakumwambia mtu. Alifungua kwanza kumbukumbu za programu ya kuzuia virusi, ile ambayo Kitinda aliiweka tangu siku ya kwanza. Programu ile haikuwa imelala kazini. Ililikamata faili lile siku ile ile lilipofika, ikalifungia karantini, yaani chumba cha pembeni ambako faili bovu linawekwa lisimguse mwenzake. Lakini dakika chache baadaye palikuwa na mstari mwingine: limerudishwa na mtumiaji. Kesho yake tena: limekamatwa, limerudishwa. Kesho kutwa tena.

Alihesabu. Siku mia mbili na kumi. Limerudishwa mara mia moja na themanini. Saa daima ile ile, kati ya saa kumi na saa kumi na robo alasiri.

Siku thelathini hazikuwa na kitu. Alichukua kalenda ya mwaka, akaziwekea alama kwa penseli moja moja. Zote zilikuwa Alhamisi.

Aliitazama kalenda. Mwizi anayesubiri mwenye nyumba atoke huwa anaonekana kwenye kumbukumbu siku nyumba iko tupu. Huyu alikuwa kinyume. Alifanya kazi yake siku zote ila siku moja tu, siku ambayo palikuwa na mgeni. Si mtu aliyekuja. Ni mtu aliyebaki.

"Mama," aliita, "nipokee sindano hii uniwekee uzi, kifungo cha koti kimelegea."

Mama Kitinda aliichukua, akaenda dirishani kwenye mwanga. Aliushika uzi kwa mkono wa kushoto, akaupitisha mara moja tu, bila kukosea.

"Asante. Sasa kaa hapa, kwenye kiti chako."

Alikaa kwenye ule mto. Ulimtosha kama kiatu.

"Saa kumi kila siku unafanya nini?"

"Nakuwa jikoni."

"Kila siku?"

"Jikoni," alisema tena, kwa sauti ya mtoto aliyeficha kitu nyuma ya mgongo.

"Ila Alhamisi."

Mwalimu, ambaye hakuwa amefukuzwa na kwa hiyo hakuondoka, alikohoa.

"Jirani," alisema, "kama ni kitu cha aibu naweza kwenda nje."

"Si cha aibu." Mama aligeuza uso kwenye skrini nyeusi. "Nasoma barua ya mwanangu. Kuna kosa mtu kusoma barua ya mwanawe?"

"Hakuna," Taratibu alisema. "Nionyeshe tu unavyoisoma. Usiguse, niambie kwa mdomo."

Basi akaeleza. Saa kumi ndiyo saa Kitinda alikuwa akirudi shuleni zamani, na saa hiyo nyumba huwa kubwa zaidi. Anawasha kompyuta. Barua haipo, ile programu imeiweka kifungoni tena. "Nilidhani ina wivu," alisema. Mwanzoni alihangaika siku nzima, kisha akajifunza kuingia huko karantini na kuitoa. Inamwuliza, una uhakika? Anajibu ndiyo. Inamwuliza tena. Anajibu ndiyo.

"Halafu naifungua. Na juu kabisa unatokea utepe wa njano."

"Unasemaje?"

Mama alijua kwa moyo. "Unasema, sehemu ya yaliyomo imezuiwa. Pembeni pana kitufe kimeandikwa Ruhusu."

"Nawe unabofya."

"Sasa nisibofye?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Wananiambia kuna sehemu imezuiwa! Mwanangu ameandika mistari kumi na moja tu. Kitinda ninayemjua mimi anaandika mpaka pembeni mwa karatasi. Nikasema, kumbe yapo mengine. Ameyaandika, wamenizuilia. Labda ameniambia anarudi lini. Nabofya Ruhusu, nasubiri. Hayatokei. Nasema pengine kesho yatatokea. Labda leo sikubonyeza vizuri."

Mara mia moja na themanini.

Nyie mnaosoma, msimcheke. Ungekuwa wewe, na mtoto wako hajaandika miezi saba, ukaambiwa kuna maneno yake nyuma ya kitufe kimoja, mkono wako ungekaa? Ndiyo maana nasema utepe ule tuuogope. Yaliyozuiwa si maneno ya mtoto. Yaliyozuiwa ni ile amri mbaya iliyojishikiza kwenye barua, na ukibofya Ruhusu umeifungulia mlango kwa mkono wako.

Taratibu alimweleza hivyo hivyo. Kila alipobofya, barua ilijinakili yenyewe na kwenda kwa kila mtu aliyekuwa kwenye kitabu chake cha anwani. Kila barua aliyoandika yeye mwenyewe nayo ilipakwa uchafu ule.

"Kila mtu?" mama aliuliza.

"Wote."

Akawa anahesabu kwa vidole. "Dada yangu aliacha kujibu tangu mwezi wa pili. Nilidhani nimemkosea. Wenzangu wa kikundi cha ushonaji walinitoa bila kuniambia neno. Binamu yangu..." Aliacha. "Nilisema labda nimezeeka, watu wamenichoka."

"Walikuwa wanapokea uchafu kila siku kwa jina lako. Walijifungia."

"Na mimi nilibaki," Mwalimu alisema, "kwa sababu sina baruapepe." Alijaribu kucheka lakini kicheko hakikutoka.

Taratibu alihamishia barua kwenye ile kompyuta yake ndogo iliyo peke yake. Kwanza aliikata ile amri mbaya, kisha akayatoa maneno matupu na kuyaweka kwenye faili jipya, safi, lisiloweza kubeba kitu kingine. Akaigeuza skrini kwa mama.

"Soma. Haya ndiyo yote."

Mama alisoma kwa sauti ya chini, ingawa ilionekana hahitaji kutazama.

"Mama, shikamoo. Mimi mzima. Hotelini kazi ni nyingi, sipati muda wa kukaa. Simu yangu imeibwa, ukitaka kuniandikia tumia anwani hii hii ya mapokezi. Usije, ni mbali na njia ni ndefu. Kikohozi kile kimepungua. Kula vizuri. Usishone mpaka macho yakuume. Msalimie Mwalimu, mwulize mtaro. Usinifikirie sana. Mambo yakitulia nitakuja. Mwanao Kitinda."

Alihesabu mistari kwa kidole. Kumi na moja.

"Hakuna kingine?"

"Hakuna, mama."

Alikubali kwa kichwa mara kadhaa. "Basi," alisema. "Basi." Akaondoa mkono wake wa kushoto mezani, akauweka mapajani, kama kitu alichoazima.

Kesi ilikuwa imekwisha. Aliyefanya amejulikana, hakuwa na nia mbaya. Lakini Taratibu alikuwa na sanduku moja tupu kwenye daftari, na sanduku tupu lilimwasha kama upupu: kituo cha afya kiliingiaje kwenye kitabu cha anwani cha mshonaji?

"Umewahi kutibiwa pale kituoni, mama? Pale mtaa wa tatu, geti la bluu?"

"Hapana. Nikiumwa nakwenda kwa daktari wangu wa siku zote. Pale napita tu Jumanne nikienda sokoni."

"Umewahi kuwaandikia?"

"Niwaandikie nini?"

Alifungua kitabu cha anwani. Majina tisa. Dada, binamu, wanakikundi. Hakuna kituo. Alifungua moja moja atazame anwani iliyo nyuma ya jina, kama mtu anayegeuza sarafu. Alipofika la tisa, lililoandikwa Kitinda, alisimama.

Alitoa barua ya malalamiko mkobani. Aliilaza mezani chini ya skrini. Akafuata herufi kwa ncha ya penseli, ya juu na ya chini, ya juu na ya chini, mpaka mwisho. Zililingana zote.

"Mama, anwani hii uliipata wapi?"

"Ndiyo iliyoleta barua. Imeandikwa Mapokezi 2. Mapokezi ya hoteli. Nimemjibu huko kila wiki."

Taratibu alirudi kwenye skrini. Alifungua maelezo ya ile barua, si maneno yake bali yale ambayo faili hubeba mgongoni bila mwandishi kujua: limeandikwa kwenye mashine gani, saa ngapi, nani alilihifadhi mwisho. Mashine: Mapokezi 2. Mwenye mashine: jina la kituo cha afya.

Alichukua simu, akampigia fundi wa kompyuta wa kituo, ndiye aliyeandika malalamiko. Aliiweka simu mezani sauti ikiwa wazi, kwa sababu utaratibu unataka mashahidi.

"Afande! Umemkamata?"

"Nina swali. Mapokezi 2 ni mashine gani?"

"Ile ya wodi ya kifua. Kwa nini?"

"Iliwahi kuwa na virusi?"

"Zamani. Miezi saba, nane. Tuliisafisha wenyewe."

"Mkawaambia watu ambao ilikuwa imewaandikia?"

"Tuliona imeisha, afande. Hatukutaka kuwatia watu wasiwasi."

"Mlisafisha kwenu mkanyamaza. Mama huyu hakuwaletea kitu. Alikuwa anawarudishia cha kwenu." Aliandika saa. "Nani mwingine anaruhusiwa kuitumia?"

"Wafanyakazi tu. Ila yule sista mkuu wa wodi ana huruma, huwa anawaachia wagonjwa waandike barua nyumbani."

Mama Kitinda alisimama. Hakuna aliyemwona akisimama, alionekana tu amesimama.

"Mwite sista," Taratibu alisema.

Zilisikika hatua, mlango, kisha sauti ya mwanamke mtu mzima, yenye haraka ya watu wa wodini. Taratibu alitaja tarehe. Akamweleza kijana wa kwenye picha ile, anayefumba jicho moja akicheka.

"Huyo namkumbuka vizuri sana," sista alisema. "Alilala hapa miezi minne. Mapafu. Alikuja akitokea kazini mbali, akasema hataki mama yake ajue mpaka apone, mama amekwisha kuzika wawili. Nilimwambia, mwanangu, hilo si jambo la busara. Hakusikia. Miezi mitatu iliyopita tukampeleka hospitali kubwa, alikwenda kwa miguu yake, na wiki jana wenzetu wa huko wamesema yupo bado, anaendelea."

Mwalimu alimshika Mama Kitinda kiwiko.

"Jambo moja lilimtesa kuliko kifua," sista aliendelea, asijue nani anamsikiliza. "Kila siku ikifika saa kumi alikuja kwenye meza yangu akiburuta kandambili. Sista, mama amejibu? Namwangalizia, namwambia hakuna. Kila siku. Mwisho akawa haulizi, anasimama tu mlangoni ananitazama. Afande, huyo mama ni mtu wa namna gani? Mbona hakumwandikia mwanawe hata mstari mmoja?"

Barua za Mama Kitinda, zote, zilikuwa ndani ya jengo lile lile, kwenye pipa la takataka la mashine ile ile, hatua mbili kutoka pale kijana alipokuwa akisimama. Zilitupwa kwa sababu zilikuwa chafu. Zilikuwa chafu kwa sababu ya kitufe.

Taratibu alishukuru, akaandika namba ya wodi ya hospitali kubwa kwenye karatasi safi, akakata simu. Kisha akamaliza kazi. Alilifuta faili bovu lisirudi tena. Aliweka nywila mpya, akamwandikia Mwalimu majina manane ya watu wa kuendewa na kuelezwa, kwa miguu. Ripoti ikabaki na mistari miwili: chanzo, Mapokezi 2, mwenye nyumba hana kosa.

"Mashine hatuichukui, mama," alisema. "Nakala niliyofanya inatosha."

Mama Kitinda hakuwa anasikiliza. Alikuwa amekaa kwenye kochi, anavaa viatu. Kimoja kilikuwa kimeingia mguu usio wake, akakivua, akaanza upya.

"Ulisema kweli," Taratibu alimwambia, na kwa mtu wa namna yake yalikuwa maneno mengi. "Kulikuwa na kitu alichokificha humo ndani."

"Mama anajua," alijibu. "Nilikuwa nakitafuta mlango siyo." Alifunga kamba za viatu, mafundo mawili mawili. "Jirani, funga nyumba, ufunguo unao. Hospitali kubwa wanaruhusu kuona wagonjwa mpaka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili," Mwalimu alisema.

"Basi tutawahi." Alikwisha kufika mlangoni. Taratibu alichukua mkoba wake akamfuata, koti lake likiwa bado na kifungo kilicholegea.

Mwalimu alibaki kuzima kompyuta. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano. Kwenye kile kiti chenye mto hapakuwa na mtu.